Shahidi Si Hakimu

Katika Kiswahili neno kupima lina kazi nyingi. Mwenye duka hupima sukari, fundi hupima kiuno cha suruali, daktari hupima mgonjwa, mwalimu hupima wanafunzi, na mzee huaswa apime maneno yake kabla hayajamtoka kinywani. Tangu miaka ya UKIMWI imeongezeka maana nyingine: mtu akisema "nimekwenda kupima", hakuna anayemwuliza amepima nini. Mimi nimeifanya kazi ya kupima watu kwa miaka 37, kwanza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mkufunzi, na mwishowe mkuu wa chuo cha ualimu. Nilistaafu nikiamini kwamba najua kipimo ni nini, na kwamba najua kinatupa haki gani juu ya mtu aliyepimwa. Kisa cha dada yangu kimenionyesha kwamba nusu ya jambo hilo nilikuwa siijui. Ninakisimulia hapa kwa ridhaa ya watoto wake, nikitumaini kwamba msomaji mwenye mzazi mzee nyumbani ataona kitu cha kumfaa.

Dada yangu ana umri wa miaka 81. Anakaa Mbagala, katika nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu shemeji yangu kwa fedha ya cherehani. Mimi nakaa Tegeta, upande wa pili wa jiji, na kumfikia ni kazi ya nusu siku foleni ikiwa mbaya. Kwa hiyo mambo yake mengi niliyasikia kwa simu kabla sijayaona kwa macho. Mwanzo yalikuwa madogo. Alitia chumvi mara mbili katika mchuzi mmoja. Alitafuta miwani iliyokuwa usoni pake. Kisha akamtuhumu mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu anayelala naye chumba kimoja, kwamba amemwibia vitenge. Navyo vikaonekana baadaye ndani ya ndoo ya unga. Mtoto alilia siku mbili. Sisi wakubwa tulisema ni uzee tu, tukaendelea na shughuli zetu.

Halafu akaanza kutoka usiku. Alfajiri moja, yapata saa kumi, jirani alifungua mlango aende kuswali, akamkuta dada amesimama uani kwake amejifunga kanga, kimya, anautazama ukuta. Alipoulizwa anatafuta nini, alijibu kwamba anamngoja mama amfungulie. Mama yetu alifariki mwaka 1979. Habari hiyo ilipozunguka mtaani haikuzunguka kama habari ya mgonjwa. Watu walisema bibi yule anawanga.

Msomaji wa mjini anaweza kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nimefundisha katika mikoa ambako neno hilo linaua. Kwa miongo mingi, huko Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine ushahidi wao ulikuwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 wakati wa utawala wa Waingereza, inahesabu kuwa ni kosa kumtangazia mwenzako uchawi. Lakini sheria hufika asubuhi, na mapanga hufika usiku. Mbagala si Shinyanga, hilo ni kweli. Hata hivyo mtoto mmoja wa mtaani alikwisha kumrushia dada jiwe.

Tulimpeleka hospitali. Daktari tuliyemkuta alikuwa kijana mwenye subira. Alizungumza kwanza na dada mwenyewe, kisha akazungumza nasi pembeni. Alimwomba ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Dada alitaja watano, kisha akarudia mbuzi mara tatu. Alimpangia njiti za kibiriti mezani akamwomba apange zake zifanane na hizo. Dada akazipanga kwa uangalifu wa fundi wa nguo, lakini hazikufanana. Nilimwuliza daktari kwa nini njiti, maana niliwahi kusoma kwamba Wazungu huwaambia wazee wachore saa. Alinieleza kwamba kuchora saa humwonea mtu ambaye hakuzoea kushika kalamu, na kwamba jaribio hilo la njiti limefanyiwa majaribio hapa nchini, wilayani Hai, kwa wazee kama wetu. Huko Hai, katika miaka ya 2009 na 2010, madaktari wa Kitanzania na wenzao wa Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji 6, wakawaona wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na wakakuta kwamba takriban 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kusahau ambao wataalamu huuita demenshia. Nilifurahi kama mwalimu. Mtu aliyetunga jaribio lile alijiuliza kwanza kama swali lake ni la haki kwa anayeulizwa, jambo ambalo sisi watunga mitihani hatukujiuliza mara nyingi.

Daktari hakutamka jina la ugonjwa siku ile. Alisema kuna kusahau kunakotibika, nako hutafutwa kwanza katika damu: upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, Virusi vya UKIMWI, na udhaifu wa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Tezi hiyo ikilegea, mwili wote hupoa na akili hupungua kasi, na vidonge vinaweza kumrudisha mtu. Basi tukaanza kuomba dua ya ajabu. Nilijikuta namsihi Mwenyezi Mungu ampe dada yangu ugonjwa wa tezi.

Katika maabara ilikopelekwa damu yake anafanya kazi binti mmoja ambaye mama yake alikuwa mwanachuo wangu. Aliniruhusu niketi pembeni nitazame. Sampuli hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu. Alichokuwa akikitafuta ni protini inayoitwa TSH, ambayo ni ujumbe: tezi ndogo ya pituitari iliyoning'inia chini ya ubongo huituma kwa njia ya damu kwenda kuiamrisha tezi ya shingoni ifanye kazi.

Alikuwa na sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96. Chini ya kila kisima zimegandishwa kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili wa mnyama hutengeneza ili kumshika mgeni mmoja tu na kumwacha mwingine apite. Akatia majimaji ya damu. Zile kingamwili za chini zikamkamata mjumbe tunayemtafuta. Akatia kingamwili za pili, nazo zikamshika mjumbe yuleyule kwa upande wa juu, zikiwa zimebeba kimeng'enya kilichotolewa katika mzizi wa mmea. Kisha akaosha, akaosha tena, na tena. Nilimwuliza kwa nini anaosha sana. Akanijibu kwamba kisichooshwa vizuri husema uongo. Mwisho akatia dawa isiyo na rangi, na visima vikaanza kugeuka buluu, vingine haraka, vingine polepole. Akatia tindikali kuisimamisha kazi ile, na buluu ikawa manjano. Mashine ikapitisha mwanga na kupima ukali wa manjano hiyo.

Njia hii huitwa ELISA. Kabla yake, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani walikuwa wamepima homoni kwa kutumia vitu vyenye mnururisho, kazi iliyompatia mama huyo Tuzo ya Nobel mwaka 1977 wakati mwenzake alikwisha kufariki. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann huko Stockholm, na wataalamu wa Uholanzi kwa upande wao, waliweka kimeng'enya na rangi mahali pa mnururisho. Ndiyo maana leo kazi hiyo inaweza kufanyika katika chumba cha kawaida Dar es Salaam.

"Mwalimu," binti akaniambia, "mashine haioni homoni. Inaona rangi." Nimelitafakari neno hilo muda mrefu. Mashine yaona rangi; rangi yatuambia kuna kimeng'enya; kimeng'enya chatuambia kuna kingamwili; kingamwili yatuambia kuna mjumbe; na wingi wa mjumbe ndio unaotudokezea habari ya tezi. Tena mjumbe huyu husomwa kinyumenyume. Tezi ya shingoni ikizidi kulegea, TSH huzidi kupanda, maana ubongo hupaza sauti kadiri asikiaye anavyokuwa kiziwi, kama nilivyokuwa nikipaza sauti mimi darasani Jumatatu asubuhi. Mtu asiyelijua hilo ataona namba kubwa akadhani ni nguvu, kumbe ni kilio. Zaidi ya hayo, visima vya kwanza vya sahani havikuwa na damu ya mgonjwa yeyote. Vilikuwa na vipimo linganishi, TSH ambayo kiasi chake kinajulikana, ili rangi ya mgonjwa ipate cha kulinganishwa nacho. Pasipo hivyo, manjano ni manjano tu.

Jibu la dada lilirudi 2.1. Kiwango cha kawaida ni takriban 0.4 hadi 4. Vipimo vingine navyo vilikuwa salama. Daktari alisema majibu ni mazuri, na mpwa wangu, mwanaume wa miaka 50, akainama akalia. Tulikuwa tumenyimwa ugonjwa tuliouomba. Daktari alifikia hitimisho kwa kuyaunganisha yote, mazungumzo, njiti, simulizi zetu na damu, kwamba hii ni demenshia, na kwa namna ilivyoanza huenda ni ile ya Alzheimer.

Hapo ndipo lilipoingia jambo la protini ya pili. Mwana wa kwanza wa dada anaishi Uingereza. Alikuwa amesoma kwamba mwezi Mei 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kuutambua ugonjwa wa Alzheimer, kwa watu wenye dalili waliofikia miaka 55. Mojawapo ya vitu kinavyopima ni protini iitwayo tau, iliyogunduliwa mwaka 1975 huko Princeton, Marekani. Tau hukaa ndani ya seli za neva na kuimarisha vijia vidogo ambavyo mizigo ya seli husafirishwa humo. Katika ugonjwa huu tau hubandikwa chembe za fosfeti mahali fulani fulani, hujikunja na kufungamana, na chembe chache hupenya hadi kwenye damu. Uchache wake unatisha: huhesabiwa kwa pikogramu. Chukua gramu moja, uigawe mara milioni moja, kisha kila kipande ukigawe tena mara milioni moja. Hiyo ndiyo pikogramu. Kanuni ya kuikamata ni ileile niliyoiona maabara, kingamwili mbili na mjumbe katikati, ila chombo ni chepesi zaidi cha kuhisi. Mpwa wangu alitaka damu ya mama yake ichukuliwe na kupelekwa nje, au mama mwenyewe apelekwe.

Kikao cha familia kilikaa sebuleni kwa dada, Jumapili baada ya chakula. Mpwa wa Uingereza alikuwa katika simu iliyoegemezwa kwenye jagi la maji.

"Mjomba," alisema, "tukiwa na karatasi yenye namba, nani atathubutu kumwita mama mchawi? Wakitaka tutaibandika ukutani."

Mkaza mwana wa dada, ambaye ndiye humwogesha na kumlisha, aliuliza jambo moja tu: dawa yake ipo? Mpwa alieleza kwa uaminifu. Tangu mwaka 2023 kuna dawa za mshipani zilizoidhinishwa kikamilifu Marekani, zinazopunguza mwendo wa ugonjwa kwa walio katika hatua za mwanzo, kwa gharama kubwa na kwa kupigwa picha za ubongo mara kwa mara. Haziponyi, na mama amekwisha kuipita hatua hiyo. "Basi tunalipia huzuni," akasema mkaza mwana, akaanza kukusanya vyombo.

Ndipo yule mjukuu aliyetuhumiwa wizi akasema kutoka mlangoni, "Babu, mbona bibi hajaulizwa?" Hakuna aliyemjibu. Penye wazee haliharibiki neno, husema wahenga, lakini siku ile neno liliokolewa na mtoto. Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ni mwalimu. Niliomba wiki moja.

Katika wiki hiyo moyo wangu ulielemea kwanza upande wa kupima, na sababu yake ni kosa langu mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mkufunzi katika chuo fulani. Nilikuwa na mwanachuo mmoja mpole ambaye, akifundisha, alikatika katikati ya sentensi, akatazama mbele kwa muda mfupi, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanafunzi walimcheka. Katika ripoti ya mazoezi ya kufundisha niliandika kwamba hana umakini na hafai kuwa mwalimu. Aliondoka chuoni. Miaka miwili baadaye mganga wa zahanati ya jirani, tukizungumza mambo mengine, alinieleza kwamba kuna kifafa kisichoangusha mtu, humzubaisha tu. Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Nilimwandikia yule kijana barua kijijini kwao. Sikupata jibu, wala sikustahili kulipata. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kutopima ni upole. Tusipopima, hukumu haingoji. Hutolewa na macho yetu na desturi zetu, navyo havioshi visima. Jirani aliyemkuta dada uani kwake alikuwa amekwisha kumpima, tena kwa dakika moja.

Lakini kadiri nilivyoendelea kufikiri, ndivyo karatasi ile ya ukutani ilivyonitia hofu. Tuseme damu imepelekwa, na jibu limerudi kwamba tau haikuzidi. Hilo linawezekana kabisa. Kuna demenshia zinazotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, na nyingine za aina nyingine, ambazo protini hii haizitolei ushahidi. Je, siku hiyo tungefanyaje? Kama namba kubwa ndiyo iliyomtoa dada yangu katika uchawi, basi namba ndogo ingemrudisha humo. Tungekuwa tumekubaliana na mtaa, bila kusema, kwamba bibi anayetangatanga alfajiri ni mchawi mpaka maabara iseme vinginevyo. Tungekuwa tumekwenda kumkomboa dada kwa kuitia sahihi hati ya mashtaka.

Hapo ndipo nilipoona kosa la mpwa wangu, ambalo lilikuwa kosa langu pia kwa miaka 37. Kipimo ni shahidi. Shahidi mwema ni mali kubwa, na anayemkataa kwa kuogopa atakalosema anajidhulumu; mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini shahidi hujibu alichoulizwa tu. Ukimwuliza ni pikogramu ngapi, atakuambia pikogramu. Tena ana mipaka yake. Wapo wazee wenye akili timamu ambao damu yao huonyesha dalili za ugonjwa huu. Maradhi ya figo huweza kuipandisha tau hiyo ya damu. Na mipaka ya kawaida na isiyo ya kawaida imewekwa zaidi kwa damu ya watu wa Ulaya na Marekani. Hayo yote wataalamu wenyewe huyasema, na kipimo hicho kiliruhusiwa kiwe msaada kwa daktari, si mbadala wake. Swali la mtaa wetu halikuwa la pikogramu. Mtaa uliuliza: je, bibi huyu bado ni mwenzetu? Hakuna kisima chenye kingamwili ya swali hilo. Na hata kipimo kingekuwa sahihi kuliko vyote, swali hilo halikupaswa kukingoja.

Mtu ataniambia kwamba haya ni maneno ya mzee aliyeshiba, kwamba watu hawasikii hoja, husikia karatasi. Naikubali nguvu ya pingamizi hilo. Kama jiwe la pili lingerushwa, pengine ningeitafuta karatasi yoyote ile. Lakini nchi yetu imekwisha kuipitia shule hii. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na mwaka 1985 ELISA ya kutafuta kingamwili za virusi hivyo ilianza kutumika duniani. Sahani ilikuwa ileile, na visima vilevile. Nakumbuka jinsi tetesi tu kwamba mtu amepimwa zilivyotosha kumfanya ale peke yake bwalo zima likitazama. Majibu yalikuwa ya kweli, na ukweli wao haukumkinga mtu. Baadaye, kuanzia mwaka 2004, dawa zilianza kutolewa bure, washauri wakafunzwa, na tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe walipima hadharani Mnazi Mmoja. Kilichobadilika zaidi si ukali wa rangi ya manjano. Tulibadilika sisi, tukaamua kwamba jibu lile ni habari ya damu ya mtu na si hukumu juu ya mtu.

Wiki ilipokwisha nilikwenda Mbagala asubuhi, saa ambazo akili ya dada huwa imetulia. Tulikaa barazani, mjukuu wake akiwa karibu. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe, kwa maneno mafupi. Alisikiliza akiwa ameushika mkono wangu.

"Mdogo wangu, wakishapima, nitakumbuka?"

"Hapana, dada."

"Basi hiyo nauli mnunulie huyu mtoto viatu."

Baada ya kitambo kifupi aliniuliza tena tulikuwa tunazungumza nini. Nitakuwa mwongo nikidai kwamba nina hakika alielewa yote. Lakini aliulizwa, naye alijibu, na jibu lake lilifanana naye. Mpwa wa Uingereza alilipokea kwa shida. Hela iliyokuwa itumike ilinunua viatu, na nyingine ikawekea mlango wa uani komeo la juu na kumlipa msichana wa kulala hapo usiku.

Jioni yake nilimchukua mjumbe wa mtaa, tukaenda kwa yule jirani. Nilimweleza kwamba dada ana ugonjwa wa kusahau, na kwamba akimkuta tena amshike mkono amrudishe nyumbani. Aliniuliza, "Vipimo vimesema hivyo, Mwalimu?" Ilinijia tamaa kubwa ya kujibu ndiyo na kumaliza kazi. Nikamwambia ukweli: damu imesema tu kwamba tezi yake ni nzima, aliyesema ni ugonjwa ni daktari, kwa kumsikiliza yeye na kutusikiliza sisi. Kisha nikaongeza kwamba hata daktari asingesema lolote, asingekuwa mchawi. Angekuwa jirani yako wa miaka 30 aliyekushonea nguo za arusi ya binti yako. Alinyamaza, akatazama chini. Wiki chache baadaye kijana wa nyumba ile alimleta dada alfajiri, amemfunika koti lake. Nyumba ya tatu kutoka hapo bado hawamwitikii salamu. Sitaki kukudanganya kwamba maneno yangu yalishinda kila mahali.

Mimi mwenyewe nimeanza kusahau majina. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya mwanafunzi wangu wa zamani, nikamwita "kijana wangu" ili kuficha aibu. Wanangu wameniuliza kama siku ikifika ningependa kupimwa. Nimewajibu kwamba ndiyo, kama nitakuwa bado na akili ya kusema ndiyo, kwa sababu napenda kujua na kwa sababu kuna mambo ya shamba na nyumba ambayo ni vyema kuyaandika mapema. Lakini nimewapa sharti moja. Wakishaisoma namba, waikunje waiweke kabatini pamoja na stakabadhi nyingine, kisha waje kunisalimia kama walivyonisalimia jana.